Alimvuta Kando

Mzee wa kanisa alikuwa anagongagonga kalamu mezani, na maneno aliyatoa polepole, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini jua linazama.

"Mama, hatumkatai. Elewa hivyo. Lakini anayebatizwa anaulizwa maswali matatu mbele ya kanisa, na anajibu kwa sauti. Huyu binti hana sauti. Sasa atajibuje?"

"Kwa mikono."

"Mikono si ushuhuda, mama."

"Basi ni nini?"

Mzee akatabasamu, tabasamu lile la mtu aliyekwisha kuamua. "Imani huingia kwa masikio. Ndiyo njia yake. Hatukuitengeneza sisi."

Mama alihisi damu inampanda hadi utosini. Ofisi ilikuwa ndogo: meza, viti vya plastiki vilivyopandanishwa kwenye kona, kabati lisilofunga, ngoma za kwaya chini ya dirisha. Binti yake alisimama karibu na mlango, mgongo umenyooka, akiangalia midomo ya mzee, kisha ya mama yake, kisha ya mzee tena. Alikuwa amehudhuria darasa la ubatizo tangu lilipoanza, benchi la mbele, akinakili kila kilichoandikwa ubaoni. Wenzake wote walikuwa wamepitishwa asubuhi hiyo. Hata mtoto wa muuza viatu, ambaye darasani alikuwa akisinzia mpaka mate yanamtoka.

"Jumapili anakuja mgeni," mzee akaendelea. "Mtumishi mwenye upako. Tutamleta binti mbele aombewe. Masikio yakifunguka, siku hiyohiyo anaingia majini na wenzake. Si unaona Mungu alivyopanga?"

"Na yasipofunguka?"

"Mama, usiongee kwa kukosa imani."

Jibu alikuwa nalo, na lilikuwa limefika kwenye meno. Akalimeza. Alilelewa kutojibizana na wazee wa kanisa. Akachukua mkoba wake, akamshika binti mkono, wakatoka.

Mtaani walimwita Mama Mashine, kwa ajili ya mashine ya kusaga aliyoachiwa na marehemu mumewe. Na yule mzee, akishavua koti la Jumapili, alikuwa mteja wake. Kule mashineni wateja walimwita Mzee Laini, kwa sababu unga wake lazima upite mara mbili, na bado atautia vidoleni ausugue huku amekunja uso kama fundi wa dhahabu. Hakuna aliyethubutu kumwita hivyo kanisani.

Walipofika barabarani binti akamvuta mkono wa nguo. Amesema nini?

Mama akainua kiganja. Subiri.

Ishara ile ilikuwa ya mashineni. Injini ikishawaka mle ndani hakuna anayemsikia mwenziwe, hata akipiga mbiu, kwa hiyo tangu enzi za marehemu watu waliongea kwa mikono. Kusugua kidole gumba kwenye vidole vingine: laini. Kumenya hewa kwa kucha: koboa kwanza. Kukata shingo kwa ubavu wa mkono: zima. Kiganja kilichoinuliwa: subiri. Mtaa mzima ulijua, na binti alikulia humo, mgongoni na kisha miguuni pa mama yake. Shule ya viziwi ilimfundisha kusoma na ikamwongezea ishara nyingi nzuri, lakini lugha aliingia nayo shuleni tayari.

Binti akasimama katikati ya njia. Mwendesha baiskeli akampita kwa kuyumba, akatukana, tusi likaenda bure.

"Unajua kanisani unaniambia nini?" mikono yake ilisema. Ilikuwa inakwenda kwa kasi. "Tangu nikiwa mdogo. Mchungaji anaongea, watu wanalia, watu wanacheka. Nakuuliza, wewe unafanya hivi." Akainua kiganja mbele ya uso wa mama yake, karibu kumgusa pua. "Mungu wenu ana neno moja tu. Subiri."

Akageuka, akatangulia peke yake, kisigino chake kinapiga ardhi kama mtu anayeponda mende.

Mama Mashine alibaki pale na mkoba wake. Alitaka kumkimbilia amzabe kofi. Alitaka kurudi ofisini aipindue ile meza. Alilolitaka zaidi ni mtu wa kumwambia kwamba binti amesema uongo, na mtu huyo hakuwepo.

*

Mchana, baada ya kuosha vyombo kwa fujo kiasi kwamba sahani ilipasuka, alichukua kitabu chake cha Injili, akaenda nacho stoo, nyuma ya mashine, akaketi juu ya gunia la mahindi. Hakwenda kusali. Alikuwa anatafuta silaha. Lazima pawe na mahali, alijiambia, panaposema mtu asiye na masikio aingie au asiingie. Na kama pako, atapakunja kona, ampelekee mzee yule hadi mdomoni.

Alifunua kurasa kwa hasira. Binti akaja akasimama mlangoni, bado amenuna. Kisha udadisi ukamzidi. Akaketi juu ya debe lililopinduliwa, magoti yakigusana na ya mama yake.

"Unatafuta nini?"

"Wewe," mama akajibu kwa kidole. "Nakutafuta wewe humu."

Akafika kwenye habari ya yule kiziwi aliyeletwa kwa Yesu. Akataka kuipita. Habari hiyo aliijua, tena alikuwa na kinyongo nayo. Kila mhubiri mgeni aliitumia. Alichukua lile neno la amri la mwishoni, la kufunguka, akambana binti kichwa kwa mikono miwili na kumpigia ukelele nalo sikioni hadi mishipa ikamtoka shingoni. Kisha mtu alipiga makofi nyuma ya binti, kupima kama amepona. Safari moja binti aligeuka, kwa sababu mpiga makofi alikanyaga ubao uliolegea na sakafu ikatikisika. Kanisa zima likalipuka kwa shangwe, kina mama wakagaagaa, na Mama Mashine ndiye aliyebaki na kazi ya kuwaambia kwamba ni ubao. Wapo ambao hadi leo hawajamsamehe.

Lakini binti alikuwa ameshaliona neno kwenye ukurasa. Akaliwekea kidole. "Kiziwi. Nisimulie."

Alikuwa anaweza kulisoma mwenyewe, polepole. Alitaka kusimuliwa. Hakuna aliyewahi kumsimulia.

Basi mama akaanza, bila hamu, kama mtu anayepima mahindi ya mteja asiyempenda. Watu wengi. Wanamleta kiziwi. Wanambembeleza Yesu amwekee mkono. Hapo akashusha macho kitabuni kuona kinachofuata, na mikono ikamwishia hewani.

"Nini?" binti akauliza.

"Akamvuta kando," mama akasema. "Akamtoa kwenye watu. Wakawa wawili tu."

"Kwa nini?"

Hakujua. Hajawahi kumsikia mhubiri yeyote akikaa kwenye mstari huo. Wote waliurukia ule ukelele. Akaendelea kusimulia, na kwa kuwa anasimulia kwa mikono, ilimbidi afanye kila alichofanya Yesu kwenye kitabu. Akamtia binti vidole masikioni, taratibu. Akalowesha kidole, akamgusa mdomo. Akainua macho juu, penye mabati yaliyojaa utando wa buibui mweupe kwa unga. Kisha ikawa zamu ya kushusha pumzi, na akaishusha, na ikatoka ndefu kuliko alivyokusudia.

Ndipo alipoliona. Lilimjia kupitia mikono kwanza, kichwa kikafuata baadaye. Vidole masikioni: najua tatizo liko hapa. Kidole mdomoni: na hapa. Macho juu: msaada unatoka kule. Yule kiziwi hakuwa anasikia neno hata moja, na Yesu hakumpigia kelele. Alimwambia kila kitu kwa ishara, hatua kwa hatua, wawili peke yao, kabla hajatamka chochote.

"Alikuwa anaongea naye," mama akasema kwa mdomo, peke yake, kwenye stoo tupu.

Binti alikuwa ameshaelewa. Alikuwa amefika kabla yake. Uso wake ulifunguka wote, nyusi, midomo, kila kitu, kama dirisha lililosukumwa kutoka ndani.

"Aliijua lugha yangu," mikono ikasema. "Mama. Aliijua lugha yangu."

"Ndiyo."

"Alimtoa kwenye watu ili wasimpigie kelele." Binti akacheka, ule mcheko wake mkubwa usio na adabu ambao kanisani huambiwa aufunike. "Alikuwa na akili."

Mama Mashine naye akacheka, na katikati ya kucheka machozi yakaanza, na katikati ya machozi hasira ikarudi, kubwa kuliko ya asubuhi. Maana kumbe ilikuwa humu. Siku zote ilikuwa humu. Alikuwa amekaa kwenye mabenchi yale tangu anabebwa, amesikia habari hii hadi imemchosha, na hakuna hata mmoja, mchungaji, mzee, mgeni mwenye upako, aliyewahi kumwambia kwamba Mungu alishuka akaongea kwa mikono. Walimpa ukelele, wakamnyima ile pumzi ya Yesu. Na pumzi ile aliifahamu. Ndiyo aliyoishusha yeye siku daktari alipomwambia kwamba mtoto hasikii na hatasikia. Aliishusha peke yake, kwenye korido, akiona aibu, akiamini ni ukosefu wa imani. Kumbe alikuwa na mwenzake.

Furaha ilikuwa inamwaka kifuani kama moto, na hakujua la kufanya nayo isipokuwa kukasirika.

"Lakini alimponya," mama akasema, kwa sababu hakutaka kumficha binti kitu tena. "Mwishoni masikio yalifunguka."

Binti akafikiri. Akainua mabega. "Akitaka, anaweza. Lakini aliongea naye kwanza."

Kisha akafanya ishara ya Yesu aliyojifunza shuleni, kidole cha kati kwenye kiganja hiki, kisha kwenye kile, mahali pa misumari; akajigusa kifua, na akakaa hivyo.

*

Dada yake Mama Mashine alifika jioni na gauni jeupe begani. Binti alimwita Mama Mkubwa, naye ukubwa huo aliuishi kila saa.

"Hili ni la Jumapili. Nimelipiga pasi mwenyewe. Kamera zitakuwepo, msije mkaniaibisha na yale marinda yenu ya unga."

"Hatuendi mbele, dada."

"Nani haendi?"

"Mwanangu haendi kushikwa kichwa. Ubatizo anautaka, na ataupata. Maonyesho, hapana."

Mama Mkubwa akaketi bila kukaribishwa. "Wewe una wazimu. Mtu anakuja toka mbali, ana mkono wa uponyaji, wewe unaficha mtoto? Unataka abaki bubu mpaka lini? Au unampenda hivyohivyo kwa kuwa anakusagia bure?"

Binti, aliyekuwa anachambua mahindi kwenye ungo, aliona midomo na akaangalia pembeni.

"Rudia," Mama Mashine akasema.

"Nimesema tu."

"Rudia, lakini mwangalie yeye. Anasoma midomo vizuri, hasa ya kwako, inafunguka sana."

Dada mtu akapepesa macho. "Sikuwa na nia mbaya."

"Najua huna. Hakuna mwenye nia mbaya hata mmoja, ndiyo maana mnaniua. Yesu alipoletewa kiziwi, kitu cha kwanza alimtoa kwenye kundi. Cha kwanza kabisa. Ninyi cha kwanza mnamburuta mbele ya kundi, mnampulizia mate usoni, asipopona mnaniangalia mimi. Kasome. Nikuwekee alama?"

"Umeanza kuhubiri sasa?"

"Nimeanza kusoma."

Mama Mkubwa aliondoka bila kuaga. Gauni akaliacha, kwa sababu lilikuwa zuri na kupiga pasi kulimchosha.

*

Jumamosi mashine ilijaa. Foleni ilitoka mlangoni ikazunguka ukuta, ndoo na magunia vikisogezwa kwa miguu. Injini ilikuwa inanguruma, mkanda unapiga, vumbi la unga limening'inia hewani, kila kope nyeupe. Mama alikuwa kwenye faneli anamimina; binti alikuwa chini kwenye mdomo wa mfuko, anapokea unga na kuwasiliana na wateja.

Zamu ya Mzee Laini ikafika.

Mama Mashine alimwona kwa pembe ya jicho. Mzee akasugua kidole gumba kwenye vidole: laini. Akazungusha kidole: urudie. Binti akamwonyesha chekeche iliyomo: hii? Mzee akatikisa kichwa, akabana vidole karibu kugusana: ndogo zaidi. Binti akajishika kiuno, akaonyesha foleni, akapuliza mashavu: unanichelewesha, mzee. Mzee akacheka hadi bega likatikisika, akajipigapiga tumbo: ni kwa ajili ya hili, limezeeka. Binti naye akacheka. Wakaelewana yote bila kubakiza.

Na Mama Mashine, kule juu kwenye faneli, akaona giza la hasira.

Akashuka. Akamgusa binti bega, akamgeuza uso wake uwe kwake na ubavu kwa mzee. Mbele ya foleni, katikati ya mngurumo, akamwuliza maswali matatu ya ubatizo. Akagusa viganja kwa kidole cha kati: huyu, unamwamini? Akakunja ngumi, akageuza mwili mzima kutazama upande wa pili: umeiacha njia ya kale? Akasimamisha vidole gumba viwili, kimoja nyuma ya kingine, akavitembeza: utamfuata?

Binti alishtuka kidogo. Kisha akajifuta mikono kwenye aproni, kama mtu anayetaka kushika kitu safi.

Ndiyo. Ndiyo. Nitamfuata. Na hakuishia hapo. Akaonyesha watu wengi, kelele nyingi, midomo inayofunguka na kufungwa. Akaonyesha mkono unamshika na kumvuta kando. Akajitia vidole masikioni, taratibu. Akaangalia juu. Akashusha pumzi, mabega yakashuka nayo. Akagusa kifua. Aliongea na mimi. Uso wake ukang'aa hata mwanamke aliyekuwa anagombania nafasi kwenye foleni akaacha ndoo yake.

Mama Mashine akaenda kwenye injini, akaizima.

Kwenye foleni pakatokea minong'ono ya mshangao, maana injini ile ilikuwa na kiburi: ukiizima ikiwa na moto inagoma kuwaka mpaka ipoe. Jambo hilo hakulifanya hata siku ya mazishi ya mumewe. Mkanda ukalegea, ukasimama. Kimya kikaingia, kile kizito kinachokuja baada ya mashine.

"Mzee," akasema. Sauti yake ilikuwa juu mno, bado imezoea mngurumo. "Amesema nini?"

Mzee Laini akakohoa. "Mama, hapa si mahali pake."

"Kwenye unga unamwelewa. Umemwambia chekeche ndogo, ameelewa, amekutania, umecheka, hujakosea hata ishara moja. Sasa nakuuliza mbele ya hawa. Mwanangu amesema nini?"

Mzee akaangalia foleni. Foleni ikamwangalia. Wote waliosimama pale walikuwa wameelewa, na yeye alijua kwamba wanajua.

"Sema tu, mzee," mwanamke wa ndoo akasema. "Sisi tumesikia."

Akavua kofia. Kichwa chake kilikuwa na mstari wa unga pale kofia ilipoishia. Alipoongea hakuwa na ile sauti ya ofisini.

"Amesema anamwamini. Amesema ameacha ya kale, atamfuata. Amesema alimvuta kando na watu, akaongea naye kwa mikono. Amesema, yule... Bwana, alishusha pumzi kwa ajili yake." Akaikunja kofia mkononi. "Hiyo imeandikwa. Nimeifundisha mara nyingi. Sikuwahi kuiona."

"Mimi pia," Mama Mashine akasema, kwa hasira ileile. "Basi mwambie mchungaji."

"Nitaongea naye wiki ijayo, kikao kikikaa."

"Utaongea naye leo. Injini imezimwa, haitawaka sasa hivi, na mahindi yako yako nusu humo ndani. Nenda, ukirudi utaukuta unga wako. Laini."

Mtu akacheka kwenye foleni. Mzee akaangalia mashine, akamwangalia binti. Binti akainua kidole gumba na kukitembeza mbele: nenda. Akaenda.

*

Jumapili mgeni alihubiri kwa nguvu nyingi. Alipoita wagonjwa, Mama Mkubwa aligeuka akamtazama mdogo wake kwa macho ya kusihi, na Mama Mashine akatazama ukutani. Binti hakuinuka. Alikaa na gauni lake jeupe benchi la mbele, na safari hii mama alikuwa mbele yake, amewapa wahubiri mgongo, mikono yake haikutulia tangu wimbo wa kwanza. Kila neno alimpa. Hata yale ya kuchosha alimpa, na binti alipopiga miayo mama alimwambia: ndivyo ilivyo, tumevumilia sote.

Kwenye kisima cha ubatizo mchungaji alisimama majini, na kwa kuwa hakujua ishara hata moja, mzee aliingia naye, suruali imekunjwa magotini. Aliuliza maswali matatu kwa mikono yake mikubwa. Moja alilikosea. Binti akamsahihisha, kisha akajibu, na mzee akalitangazia kanisa majibu kwa sauti iliyokauka.

Binti akazamishwa, akatoka, maji yakimtiririka. Kwaya ikaanza. Watu wakaanza kupiga makofi, na mchungaji alikwisha kunyosha mkono kumpokea mtoto wa muuza viatu.

Binti akainua kiganja.

Hakukiinua kwa mama yake. Alikiinua kwa kanisa lote, juu, vidole vimenyooka, na watu wale walikuwa wamesaga mahindi yao mashineni kwao miaka yote. Makofi yakakatika. Mpiga ngoma akalaza mkono juu ya ngozi. Kwaya ikaishia katikati ya neno. Hata mgeni, asiyejua lolote, alinyamaza kwa kuona wengine wamenyamaza.

Wakasubiri.

Binti akajifuta maji usoni, akaanza kusema. Mama Mashine akasimama kwenye ukingo wa kisima ampe sauti. Hasira ya miaka yote ile bado ilikuwepo, na kitu kingine kilikuwa kinaisukuma ipishe njia. Akasafisha koo.

"Anasema," akaanza, "nyamazeni niwaambie alichoniambia."